Fundi Mizani na Askari wa Daraja

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi mizani. Watu wengi hawajui kama kazi hiyo ipo mpaka siku kilo ya sukari inapofika nyumbani ikiwa robo tatu. Hapo ndipo wanapomkumbuka. Walimwita Babu Mizani, wakubwa kwa wadogo, na hata mama yangu, binti yake wa kumzaa, alimwita hivyo hivyo siku alizokasirika naye.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, kikitazama barabara. Nyuma yake vyumba viwili, kimoja chake, kingine changu na mama, kisha ua mdogo wenye kamba ya nguo. Juu ya meza yake mawe ya mizani ya shaba yalipangwa kama familia iliyokaa kupigwa picha, baba mwanzo, kitinda mimba mwisho, na pembeni kitambaa laini cha kuyafutia, maana yeye aliamini hata mafuta ya kidole yana uzito. Alitengeneza mizani za madukani, za mabuchani, za ghalani, na ile ya kupimia watoto wachanga kwenye zahanati ya ng'ambo ya mto, ninakofanya kazi mimi. Akimaliza kuitengeneza anapima. Kisha anapima tena. Kisha anakwenda kunywa chai, anarudi, anapima mara ya tatu, kana kwamba ndani ya muda wa kikombe kimoja chuma kinaweza kubadili mawazo.

"Babu, si umeshapima?"

"Nimepima, mke wangu. Sasa napima kama nimepima."

Aliniita mke wangu tangu sijang'oa jino, na mimi nilimtishia talaka kila alipoingia ndani na viatu. Ndivyo tulivyoishi watu watatu, mama akishona nguo za shule kwenye cherehani yake, babu akibishana na chembe za shaba, na mimi nikivuka daraja asubuhi na kurudi jioni.

Kwamba zamani alikuwa askari, tulilijua kama tunavyojua kwamba chini ya nyumba kuna msingi. Halikuonekana, halikutajwa. Alikuwa katika wahandisi, wale wanaojenga madaraja ili wengine wapite. Alikwenda vitani kijana, akarudi kijana, na katikati hapo hatukuambiwa kitu. Alikuwa na kovu refu kwenye kiganja cha kulia, na alikunja shuka lake kila asubuhi kwa pembe nne zilizokaa sawasawa hata inzi angeteleza.

Kila mwaka barua ililetwa kutoka ofisi ya wazee waliopigana, kumwalika kwenye siku ya kuwakumbuka. Babu aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mizani ndogo.

"Gramu kumi na moja," alisema, akaitia kwenye droo.

"Baba, wenzako wanakwenda," mama alimwambia. "Wanavishwa nishani, wanapigiwa saluti, watu wanasimama. Wewe una nini?"

"Mguu."

"Mguu ambao jana ulikupeleka ghalani na kukurudisha?"

"Ndiyo maana umechoka leo."

Mama alisonya, cherehani ikaendelea.

Lakini mchana, baada ya chakula, babu alilala kwenye kiti chake cha mbao, macho hayajafumba sawasawa, na hapo ndipo vita vilipomtembelea. Midomo yake ilisogea. Alizungumza na watu watatu. Mmoja alikuwa Mluzi, mwingine Padri, wa tatu Mrefu. Aliwaambia mambo madogo madogo kwa sauti ya upole: shika kamba, Mrefu, Padri, usikanyage hapo, Mluzi, nyamaza kidogo nisikie maji. Nilikuwa naketi karibu naye, nguo ya kufuma mkononi, nikisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua inayonyesha kwenye paa la jirani. Barabara ilitulia, vumbi likielea kwenye mwanga wa mlangoni, na mawe ya shaba yaking'aa mezani. Nilihisi kama nikinyoosha mkono nitagusa mabega ya watu hao watatu, yamelowa. Kisha babu alishtuka, akatazama kiganja chake cha kulia muda mrefu, na akaniuliza saa ngapi.

Siku moja nilithubutu. "Babu, Mluzi ni nani?"

Alinitazama kama nimemtaja mtu aliyetoka chumbani sasa hivi. "Alikuwa anapiga mluzi," alisema, akaondoka kwenda kutafuta bisibisi aliyoishika mkononi.

Halafu ikaja mvua. Ilinyesha siku sita bila kupumua, na alfajiri ya siku ya saba tulisikia sauti kutoka mtoni kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya nyumba kubwa. Tulipofika, daraja la zege halikuwepo. Kulikuwa na kipande huku, kipande kule, na katikati maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita kwa haraka kana kwamba yameitwa mahali. Ng'ambo niliona paa la zahanati yetu, dogo kama kiberiti. Kina mama wenye watoto wachanga walisimama ukingoni wakilitazama. Kwa siku tatu tuliwapimia watoto kwenye mizani ya ghalani, tumeitandika kanga, babu akisoma namba na mimi nikiandika.

Siku ya nne kulikuwa na ukungu. Ulishuka asubuhi ukaifunika barabara, ukaingia hadi kwenye chumba cha kazi, na babu alikuwa anafanya kazi kama mtu aliye chini ya maziwa. Ghafla akanyanyua kichwa.

"Wahandisi," alisema.

"Nani?"

"Sikiliza. Chuma kinagonga chuma, lakini kimefungwa vizuri, hakirukiruki. Wanajeshi hao. Wameleta daraja."

Mimi sikusikia kitu. Baadaye ndipo nikasikia mngurumo, kisha taa mbili za njano zikatokea hewani bila gari, kisha gari likatokea nyuma ya taa zake, na jingine, na jingine. Yalikuwa malori kumi na moja. Yalipita mbele ya mlango wetu polepole, na juu yake vijana wamekaa, kombati zimelowa, wengine wamesinzia wameegemeana kama watoto wa familia moja. Mmoja alimwona babu amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mkononi, akampungia. Babu hakupunga. Alisimama wima, visigino vimegusana, mpaka lori la mwisho likamezwa na ukungu.

Mchana ule hakulala. Alivaa viatu, akachukua mkongojo, akasema anakwenda kutazama. Nilimfuata, maana njia ilikuwa utelezi na mguu wake ule ule wa barua ulikuwa kweli unamsumbua siku za baridi.

Mkubwa wa kikosi kile alikuwa luteni mwanamke. Nilimtazama mara mbili kabla ya kuamini. Alikuwa mfupi, mwembamba, ana miaka labda michache kuliko mimi, na alizungumza kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kupiga kelele. Alipomwona babu akishuka ukingoni, alimwendea yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

Luteni akacheka. "Afande tena, babu yangu?"

"Nyota nimeziona begani. Mimi niliishia koplo." Babu alinyoosha mkongojo kuelekea majini. "Afande, usiweke kitako cha daraja lako hapo kwenye udongo. Sogea hatua ishirini juu. Pale chini ni mwamba mtupu. Naujua mto huu tangu mdogo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee anamfundisha mwanajeshi kazi! Lakini Luteni hakucheka tena. Alimwita askari mmoja mrefu, mwembamba kupindukia, ambaye wenzake walimwita Kijiti, wakachukua fimbo ndefu ya chuma na kwenda kupima pale pale babu aliponyoosha. Fimbo ilizama. Ilizama mpaka mkono wa Kijiti ukagusa maji. Wakasogea, wakapima tena, ikazama tena. Luteni alirudi na daftari lake, akachuchumaa mbele ya babu akamwonyesha alichokichora.

"Mwamba ulikuwepo kweli, mzee. Upo hapa, ona, lakini sasa uko chini sana. Mafuriko yameleta mchanga. Mto umehama."

Babu alilitazama lile daftari kwa muda. Nilidhani ameudhika. Kumbe anasoma namba, moja moja, kidole kikizifuata.

"Mmepima sehemu ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Sisi tulipima tano," alisema babu. "Tukaona tumepima sana." Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani. "Basi na mimi nimehama na mto, afande. Endelea na kazi."

Tangu siku hiyo alikwenda kila asubuhi. Kijiti alimtafutia kasha tupu la boliti, akaliweka chini ya turubai, na hapo ndipo palikuwa pa babu. Mama aliacha cherehani akatuletea uji kwenye chupa, akisema kwamba kama baba yake ameamua kujiunga na jeshi upya basi angalau asiende na njaa.

Nikikumbuka siku zile tano, nazikumbuka kama kitu kilichotokea chini ya maji. Ukungu haukuondoka kabisa. Vipande vya daraja, vya chuma, vizito, vilibebwa na askari sita sita, watatu huku watatu huku, wakitembea kwa mwendo mmoja, na sauti zao zikihesabu pamoja, moja, mbili, nyanyua. Watu walipotea kwenye weupe na sauti ikabaki. Kisha sauti ikapotea na watu wakatokea. Daraja lilikua kutoka ukingo wetu kidogo kidogo, likinyoosha pua yake juu ya maji kama mnyama anayetaka kunusa upande wa pili. Babu aliketi, mikono juu ya mkongojo, na wakati mwingine midomo yake ilisogea. Lakini macho yalikuwa wazi. Sikujua anawaona watu wa leo au wa zamani, na labda hata yeye hakutaka kujua.

Kijiti alipopumzika alikuja kuketi chini karibu naye.

"Babu, zamani mlikuwa na vyuma hivi?"

"Sisi tulikuwa na mapipa. Unafunga mapipa matupu, unatandika mbao juu, linaelea."

"Linaelea? Mkipita juu yake linatikisika?"

"Linacheza kama bibi harusi."

Kijiti alicheka mpaka akapaliwa na uji. Kisha akauliza, "Na linashikwa na nini lisichukuliwe na maji?"

Babu alikitazama kiganja chake. Kijiti, ambaye hakuwa mjinga, alisema maji ya leo yamepungua, akarudi kazini.

Siku ya tano ya kazi, mchana, pua ya daraja iligusa ukingo wa pili. Watu waliokusanyika walipiga vigelegele. Kule ng'ambo niliwaona wenzangu wa zahanati wakipunga shuka jeupe. Na kabla vigelegele havijaisha, yakaja magari matatu meusi, yakasimama kwenye tope, na akashuka Mheshimiwa mmoja wa serikali, mwavuli ukimfuata kwa nyuma, na wapiga picha wakiufuata mwavuli.

"Hongereni sana!" alisema. "Sasa tuvuke. Nitavuka wa kwanza, kisha kina mama na watoto wao nyuma yangu. Picha nzuri sana."

Luteni alipiga saluti. "Bado, Mheshimiwa. Sijalipima upande wa pili."

"Si limefika? Mimi naliona limekamilika."

"Hata mimi naliona hivyo, Mheshimiwa. Lakini kuona si kupima."

Kasha la boliti lilianguka nyuma yangu. Nikageuka. Babu alikuwa amesimama.

Mheshimiwa alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha, kisha akaacha kutabasamu. Alisema kina mama wanasubiri tangu wiki iliyopita. Alisema yeye ana shughuli nyingine jioni. Akatoa simu, akapiga, akazungumza kando, akarudi na kumkabidhi Luteni simu ile kwa vidole viwili, kama anayempa mtu dawa chungu. Tulisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Ndiyo, afande... Ndiyo, limefika, afande... Hapana, afande, bado." Kimya. Maji yanapita. "Naelewa, afande. Lakini ukiniuliza kama litabeba, jibu langu ni sijui bado. Nikishapima nitaripoti." Kimya kirefu zaidi. "Asante, afande."

Alirudisha simu. Mheshimiwa aliiweka sikioni, akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaingia garini. Mwavuli ulibaki nje kidogo umefunguka, kisha nao ukaingia.

Luteni aligeuka kuelekea darajani na kumkuta babu mbele yake. Sijui alifikaje pale kwa mguu ule. Alikuwa analia. Mimi, miaka yote ile, hata siku tulipomzika bibi, sikuwahi kuona machozi ya babu. Yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

"Afande," alisema, "naomba nikueleze jambo."

Wakaketi chini ya turubai. Nilitaka kuondoka, babu akanishika mkono nikae. Alianza kusimulia akitazama maji, kwa sauti ile ile ya mchana, ya usingizini, ila safari hii aliturudisha sisi pamoja naye.

"Ilikuwa alfajiri. Mvua kama hii. Tulikuwa tumeweka daraja la mapipa, limeshikwa na nyaya, nyaya zimefungwa kwenye vigingi, kushoto na kulia. Kapteni akaniuliza, koplo, litabeba? Nikamwambia, litabeba, afande. Vigingi vya kushoto nilivikagua, kimoja kimoja. Vya kulia sikwenda. Nimechoka, mvua, giza halijaisha. Nikajiambia, vimepigwa na mikono ile ile, vitakuwa sawa. Na kapteni alikuwa na haraka. Alikuwa ananitazama. Nikaona aibu kusema sijui."

Luteni alilifunga daftari lake.

"Wakapanda watatu wa kwanza, na makasha begani. Mluzi mbele, anapiga mluzi. Padri nyuma yake. Mrefu wa mwisho. Kigingi cha kulia kikang'oka. Niliushika waya kwa mkono." Akafungua kiganja, kovu likaonekana lote. "Mtu hawezi kushika daraja kwa mkono."

Kwa mbali, askari walihesabu kitu, moja, mbili.

"Kila mwaka wananiandikia niende nikapigiwe saluti," babu alisema. "Nitasimamaje pale?"

Nilingoja Luteni amwambie si kosa lako, mzee, ilikuwa vita. Ndivyo ningesema mimi. Hakusema hivyo. Alivua kofia yake, akaishika magotini.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Mimi ninayo ishirini na sita. Mzee, wakati wa ile simu, goti langu lilikuwa linatetemeka ndani ya suruali. Nilimshukuru Mungu suruali hizi ni pana." Babu alimtazama. "Lakini sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa na kanuni. Chuoni kwetu, siku ya kwanza kabisa, kabla hujagusa hata spana, unafundishwa kwamba fundi wa daraja akisema bado, kila mtu anasubiri, hata jenerali. Imeandikwa. Yule aliyekuwa kwenye simu naye alifundishwa hivyo hivyo, ndiyo maana alinyamaza." Alizungusha kofia mikononi. "Kanuni kama ile, mzee, haiandikwi na mtu aliyekaa ofisini akaota. Iliandikwa kwa sababu kuna watu walikufa. Sijui kama ni hao wenzako. Sitakudanganya. Lakini ni watu kama hao."

Babu aliyatazama maji mpaka ukungu ukaanza kupanda na jua likapita katikati yake kama maziwa yanayochemka.

"Basi nenda kapime, afande," alisema. "Tunakuchelewesha."

Luteni alivuka kwa kutembea, na Kijiti, na pimamaji, na daftari. Walikuwa ng'ambo saa nzima. Waliporudi, Luteni alinyanyua vidole viwili. Kitako cha ng'ambo, upande wa kulia, kilikuwa kimezama vidole viwili tangu daraja lilipogusa ukingo ule, na kilikuwa bado kinazama. Kwa macho hakuna ambaye angeona. Walifanya kazi mpaka jioni, wakatoa tope, wakajaza mawe, wakaweka mbao pana, wakapima, wakasubiri, wakapima tena. Babu aliposikia wanasubiri ndipo wapime tena, alinipiga kiwiko.

"Umeona, mke wangu? Hata wao wanakwenda kunywa chai kwanza."

Asubuhi ya siku iliyofuata walipitisha lori lenye mifuko ya mchanga, likaenda, likarudi, likasimama katikati robo saa. Kisha Luteni akatoa ishara. Walimwita babu avuke wa kwanza. Akakataa katakata, akasema wa kwanza ni watoto wachanga, wameshapimwa kwa mizani ya magunia vya kutosha. Basi kina mama walipita, watoto mgongoni, na askari wamesimama kingo zote mbili za daraja, bega kwa bega, ili mtu asione maji akaogopa. Babu na mimi tulikuwa wa mwisho. Alitembea polepole, akitazama kila pini, mkono wake wa kulia ukipita juu ya vyuma. Katikati ya daraja alisimama. Hakuna mluzi uliosikika, sitaki kutia chumvi. Kulikuwa na maji tu chini na ukungu mwembamba juu yake. Babu alisema jambo kwa sauti ndogo, si kwangu. Halafu tukaendelea. Tulipofika ng'ambo, Kijiti alimpigia saluti. Babu alisita, mkono ukapanda nusu, ukasimama hewani kama mshale wa mizani unaotafuta mahali pake, kisha ukafika.

Kikosi kiliondoka siku mbili baadaye. Mwezi haujaisha, ikaja barua nyingine, si ya ofisi ya wazee. Ilitoka kwenye chuo cha wahandisi wa jeshi. Luteni alikuwa ameandika kwa mkono wake: kuna kuruta arobaini wanaanza mafunzo, je, mzee anaweza kuja kuwaambia yale aliyoniambia mimi?

Mama aliisoma kwa sauti. Tulimtazama babu. Aliisogelea mizani, akaishika barua, akawaza.

"Fua lile shati jeupe la mikono mirefu," alimwambia mama.

Tulikwenda wote watatu, kwenye lori la jeshi lililokuja kutuchukua, mimi na mama tumebanana mbele na babu karibu na dirisha. Darasa lilikuwa refu, jeupe, madirisha mengi. Kuruta walisimama alipoingia, vijana wa kiume na wa kike, vichwa vimenyolewa, shingo nyembamba ndani ya kola mpya. Walikuwa watoto kabisa. Babu alisimama mbele yao akatafuta pa kuanzia, na mama, aliyekuwa hajawahi kuisikia habari ile, alinishika mkono tangu neno la kwanza hadi la mwisho bila kuuachia.

Aliwaambia yote. Hakujipunguzia hata gramu. Alisema wazi kwamba vigingi vya kulia hakwenda kuvikagua. Alipomaliza, msichana mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono na kuuliza majina yao ya kweli ni yapi. Babu aliyataja, jina la mtu na la baba yake, matatu yote, na kalamu arobaini zikaandika.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lakini kijana mwingine, mwenye masikio makubwa, akasimama.

"Mzee, samahani. Hivyo vigingi mlivipiga kwa pembe gani?"

Babu akamgeukia. "Unasemaje?"

"Kama udongo ulikuwa umelowa, na mlivipiga vimesimama wima, si vingeng'oka tu hata ungevikagua?"

"Nani amekwambia tulivipiga wima?" Babu alikuwa ameshafika ubaoni, chaki mkononi. "Tazama hapa. Maji yanatoka huku."

"Lakini mzee, na uzito wa waya?"

"Waya nimeuhesabu! Wewe hesabu mvua!"

Mwingine akasema yeye anaona tofauti, wa tatu akasema wote wamekosea, na Luteni, aliyekuwa ameegemea ukuta wa nyuma, akafungua mlango wa uani. Wakatoka wote, babu katikati yao. Mtu akaleta nyundo, mtu akaleta mpira wa maji kulowesha udongo. Kengele ya chakula ililia, hakuna aliyegeuka. Dereva alikuja kutuambia mimi na mama kwamba anatakiwa kurudisha lori kabla jua halijazama, mama akamwambia aende yeye mwenyewe akajaribu kumtoa babu. Dereva akatazama uani, akaona shati jeupe limejaa tope hadi kwenye viwiko, na vichwa arobaini vimeinama juu ya kigingi kimoja. Akazima injini, akatafuta kivuli akakaa.